Franga ya Chakula ya Syauswa

Beni, tarehe 4 mwezi ya tatu 2001

Mama Émérance,

Hunijui. Jina yangu ni Grady, niko musoda wa jeshi, nalinda kasho moja ya bafungwa hapa Beni. Bwana yako Syauswa iko kwetu tangu siku sita. Bafungwa hawana ruhusa ya kushika bic, donc mimi njo naandika, yeye anakaa nyuma ya mulango na kunitajia maneno. Mimi ni mutu ya Équateur, Swahili nimejifunza huku. Utanisamehe makosa.

Alikuwa anakwenda Mangina kununua papaine, ule utomvu ya mapapai. Pale bariyeri ya basoda balivulisha banaume yote mashati. Bakaona alama za wembe kwenye kifua yake, bakasema huyu ni Mai-Mai, bale bapiganaji ya porini, amechanjwa dawa ya kuzuia risasi. Yeye anasema ni alama za kikohozi, za utoto. Franga za kununulia papaine na baiskeli balibeba.

Maneno yake ni haya: "Mama Jemima, niko muzima. Balinipiga siku ya kwanza tu. Hapana kuja huku. Kuna mama alikuja kuulizia bwana yake, naye balimufunga siku tatu. Ule mulango ya nyuma bawaba yake imelegea, muite ndugu yangu Apollinaire aipige musumari. Muambie Jemima baba iko kwenye kazi."

Sasa maneno yangu. Hapa hakuna mutu anamulisha mufungwa. Mwenye hana familia anakula kile benzake bameacha, na benzake habaachi. Ni dola tano kila wiki mbili, tatu ya chakula, mbili ya chef ya kasho. Si mimi niliweka ile bei. Mupe Adèle, ule mama anayeleta maharagi kwenye soko ya hapa. Ananijua.

Grady


Butembo, tarehe 9 mwezi ya tatu 2001

Monsieur Grady,

Barua yako ilifika ndani ya gunia ya Adèle. Niliisoma nikisimama kwenye meza yangu ya samaki, mbele ya bateja, kiisha nikaendelea kupima samaki kama vile hakuna kitu.

Zile alama, mama mukwe wangu njo alizikata, kule Vuhovi. Syauswa alikuwa na miaka mine, kikohozi kilikuwa kinamumaliza. Ziko sita, tatu huku na tatu huku. Mama mwenyewe iko muzima, anaweza kuapa mbele ya padri. Muambie komanda wako vile.

Natuma dola tano na sweta ya kijani, juu Beni asubuhi kuna baridi kwa mutu mwenye kulala chini. Makayabo, ile samaki ya chumvi, ni yako.

Lakini mimi sikujui. Huku Butembo kuna batu bamelipia batu bamekufa zamani. Jirani yangu alilipia kaka yake miezi mitatu, kumbe mutu alikuwa amezikwa tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo kila mara nitauliza swali moja, yenye Syauswa peke yake anajua jibu. Ya leo ni hii: siku ya mahari, ile mbuzi ya kumi na mbili, alimuambia baba yangu nini?

Émérance


Beni, tarehe 21 mwezi ya tatu 2001

Mama Émérance,

Nilipomusomea swali yako alicheka mpaka musoda mwenzangu akaja kuangalia kuna nini. Anasema ile mbuzi ilikata kamba njiani ikapotea, nabo balifika na kumi na moja. Baba yako akakasirika. Naye Syauswa akamuambia: "Muzee, ile imekimbia kwa sababu inajua njia ya kwenu. Muihesabu tu, iko inakuja." Anasema hata leo haijafika.

Sweta anaivaa. Maneno ya mama mukwe wako nilipeleka kwa komanda. Alinijibu kwamba alama ni alama. Kiisha akasema dola makumi sita inaweza kufuta alama.

Mama, asante kwa makayabo. Bibi yangu Falonne aliipika na majani ya sombe. Tuko na mutoto mumoja, Audrey, miaka tatu, naye anakohoa kila asubuhi. Tangu miezi munane hatujaona mushahara. Sisemi hii ili uniongezee. Ni juu uliniambia hunijui.

Grady


Butembo, tarehe 6 mwezi ya ine 2001

Grady,

Basi iko muzima. Nilisoma ile ya mbuzi mara kumi, na Jemima akaniuliza, "Mama, unacheka na nani?"

Dola tano ni hizi. Ya komanda natafuta. Ile chupa ndogo ni asali ya Vuhovi, ya Audrey, kijiko kimoja asubuhi na kimoja kabla ya kulala. Usimupe na maji ya baridi.

Swali: ile mara nilikasirika nikarudi kwa mama yangu, Syauswa alikuja kunichukua na nini mikononi?

Émérance


Beni, tarehe 29 mwezi ya ine 2001

Mama,

Jibu: na jembe. Anasema alifika kwa mama yako bila kumusalimia mutu, akaingia kwenye shamba ya maharagi akaanza kulima. Akalima mpaka jua ikakuwa katikati, na batu yote banamuangalia. Hapo njo ulimuletea maji, na maneno yakaisha.

Lakini sikiliza. Tumbo inamukimbia tangu siku ine. Bafungwa batatu biko na ile ugonjwa, maji ya hapa ni mubaya. Infirmier mumoja alikuja, akasema serumu na vidonge ni dola munane, na bila franga haandiki kitu. Mimi sina. Nilimuuliza chef, akasema kasho si hopitali.

Maneno yake: "Mama Jemima, hapana kuogopa. Nilishapita ugonjwa mubaya kuliko hii. Wasingya, asante sana, kwa sweta."

Tuma mbio.

Grady


Butembo, tarehe 8 mwezi ya tano 2001

Grady,

Dola kumi na tatu: munane ya dawa, tano ya chakula. Nimechelewa juu njia ilikuwa mubaya, Adèle hakupita. Kimbia kwa ule infirmier saa ile ile barua itafika, hapana kungoja kesho. Maji anayokunywa ichemshwe, hata kama ni kulipa makaa, nitarudisha.

Jikoni kwetu sasa hakuna mabati. Hapana kumuambia.

Swali: ule mutoto wetu wa kwanza, mwenye alikaa siku mbili tu, tulimuita nani? Ile jina hatukumuambia mutu, hata mama mukwe. Anijibu na mudomo yake.

Émérance


Beni, tarehe 24 mwezi ya tano 2001

Mama Émérance,

Dawa ilifika. Anasema asante.

Ya swali, atajibu siku ingine, amechoka. Ile makumi sita ya komanda hapana kutafuta tena. Komanda amebadilishwa, mupya hajui bei ya mutu yeyote.

Tuma tu ya chakula, kama unaweza. Kama huwezi, acha.

Grady


Butembo, tarehe 5 mwezi ya sita 2001

Grady,

Dola tano ni hizi.

Safari hii sina swali.

Émérance


Butembo, tarehe 19 mwezi ya munane 2001

Grady,

Tano ya wiki mbili hizi ziko ndani ya karatasi. Safari hii nakuomba kitu. Nenda pale mulango umusomee bwana yangu haya maneno yote, polepole, hata kama analala.

Syauswa. Jemima amepokea komunio. Nguo niliazima kwa Adèle, ya mutoto wake, ilikuwa ndefu tukaikunja. Padri alipomuuliza jina ya baba, alisema jina yako kwa sauti mpaka batu ya nyuma balisikia. Apollinaire alipiga ule mulango musumari mbili, na sasa haufunguki kabisa, tunapitia mbele kama bageni. Kahawa imezaa. Mama yako anaulizia, namuambia uko kwenye kazi, naye ananiangalia. Samaki kule Kyavinyonge imekuwa ghali, juu kila mutu mwenye bunduki anakula kwanza. Mimi niko. Nimekonda kidogo, hungependa. Kama kuna kitu kinakuuma, na kiishe sasa. Kama umelala, lala vizuri.

Ni hayo. Asante, Grady.

Émérance


Beni, tarehe 7 mwezi ya kumi 2001

Mama Émérance,

Nimeshaandika hii barua mara tatu na kuipasua.

Bwana yako alikufa. Ilikuwa siku ya tano ya juma, tarehe 11 mwezi ya tano, saa ine ya asubuhi. Nilikuwa nimemushika kichwa ili anywe maji. Adèle alifika na franga yako ya dawa siku ya kwanza ya juma iliyofuata. Nilikuwa na dola kumi na tatu mukononi na mutu mwenye dola zile alikuwa chini ya udongo.

Ile wiki Audrey alikuwa anapumua kama mutu anayepanda mulima. Hopitali habakubali kumupokea mugonjwa bila franga ya mbele. Nikasema, hii tu, kesho nitamuandikia mama. Nililipa, balimutia sindano, akapona. Kiisha ikakuja tano ingine, na ingine. Nilishakudanganya mara moja, na uongo wa pili hauna uzito, hii njo inaniogopesha. Jumla ni dola makumi tano na munane. Natuma kumi na mbili, ni yote niko nayo.

Ile barua yako ya komunio niliisoma pale mulango. Ndani kulikuwa na mufungwa mwingine, mutu ya Lubero. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Syauswa ni nani?" Tangu siku ile sijalala sawasawa.

Bale benzake babili nabo balikufa, na chef alisema batatu batupwe pamoja. Nilimupa dola mbili zangu akaniacha nimuchimbie bwana yako peke yake. Ni nyuma ya matanuru ya matofali, ukivuka kijito, hatua makumi mbili kutoka kwenye mukaratusi wenye kupasuka katikati. Nilimufunga na kitenge ya Falonne, ya bluu, yenye ndege. Sweta ya kijani iko naye. Nilisali Baba Yetu kwa Lingala, juu kwa Swahili sikuijua yote.

Kesho kutwa banaturudisha kwetu. Siombi samahani, sijui ningeiombea kwa mudomo gani. Nataka tu ujue mahali iko.

Grady


Lisala, tarehe 12 mwezi ya tano 2003

Mama Émérance,

Banasema vita imeisha, na mapadri bamekubali kupeleka barua. Sijui kama ile ya mwisho ilikufikia, wala kama uko hai. Nimeacha bunduki. Nafundisha darasa ya pili, batoto makumi sita, bila mushahara vile vile. Audrey ameanza masomo.

Ninaweza kutuma dola mbili kila mwezi kupitia misioni mpaka zile zako ziishe. Niandikie tu neno moja: ndiyo ao hapana.

Grady


Butembo, tarehe 3 mwezi ya munane 2003

Grady,

Hapana. Usitume.

Ile barua yako ya Beni ilifika, na nilikujibu siku ile ile. Niliandika maneno yenye mama hawezi kumuandikia mutoto wa benyewe. Adèle akarudi nayo, mulikuwa mumeshaondoka. Niliichoma kwenye jiko. Hii unayoshika ni ya mutu aliyepoa kidogo.

Nilijua. Tangu ile karatasi yako ya mwezi ya tano, nilijua. Syauswa angekuwa na pumzi moja tu imebaki, angeitumia kusema ile jina ya mutoto wetu. Hakuna kuchoka kwenye ile jina. Nilikaa na karatasi yako kwenye meza ya samaki, bateja bananiuliza bei, nikabapa bei, na bei ilikuwa sawa.

Utaniuliza basi nililipa juu ya nini. Kila wiki mbili, nikifunga zile dola tano, nilikuwa mwanamuke mwenye bwana. Siku ningeacha, ningevaa nguo ya kilio, na ndugu za bwana bangekuja kukaa chini kuamua juu ya shamba, na Jemima angeniangalia. Sikuwa na nguvu ya ile siku. Nikailipia isogee mbele kidogo kidogo, wiki mbili mbili. Nilipoandika ile ya komunio nilitaka mutu aisome kwa sauti mahali Syauswa alikuwa amekaa. Sikuwa na mutu mwingine huko ila wewe.

Lakini hapana kusema tulikuwa sawa. Wewe ulijua mahali iko. Mimi kila mvua ilipopiga nilijiuliza inamupiga ao haimupigi. Miezi mitano, Grady. Padri ameniuliza kama nimekusamehe. Nilimuambia aniache kwanza nizike.

Sasa kuna kitu sijamuambia padri, wala Apollinaire, wala mama mukwe. Nakuambia wewe juu ulikuwa pale. Nilikuandikia njia ilikuwa mubaya, Adèle hakupita. Alipita. Barua yako ya dawa ilinifikia siku ya ine ya juma asubuhi, tarehe tatu mwezi ya tano, na Adèle alikuwa anafunga magunia aende Beni. Ningemupa franga, ungeipata kesho yake, na Syauswa alikuwa bado na wiki nzima ya kuishi. Mutu ya kununua mabati ya jikoni alikuwa amesimama uani, na franga mukononi. Alitaka kunipa kumi na mbili. Mabati yalikuwa na bei ya kumi na tano. Nikamuambia hapana, mabati yangu haina hata kutu. Nikamuacha Adèle aende mikono mitupu. Nikangoja siku ine, mutu akarudi, akanipa kumi na ine.

Nimebishana bei maisha yangu yote, ni kazi yangu, mama yangu alinifundisha nikiwa mutoto. Batu banahesabu vitu vita ilibalipisha: ng'ombe, nyumba, baiskeli. Mimi, zile zako makumi tano na munane haziniumi. Zinaniuma zile mbili nilipata.

Nimeshasema. Sasa ya kuzika.

Mwezi uliopita, mvua ilipokauka, nilikwenda Beni na Apollinaire, ndugu yake. Karatasi yako nilikuwa nayo. Mukaratusi umekatwa, balifanya makaa, lakini kisiki kipo. Tulihesabu hatua. Kulikuwa na bibi mumoja amepanda mihogo pale, akatuambia, "Mutalipa mihogo yangu kwanza." Tukalipa. Apollinaire akachimba, na ule bibi naye akachimba na sisi, juu alituonea huruma. Tuliona kitenge kabla ya kitu kingine. Ile bluu ilikuwa bado ya bluu. Apollinaire akakaa chini, akashindwa kuendelea, nikaingia mimi. Ulimulaza vizuri. Hiyo nakuandikia waziwazi, hata nikiwa na hasira: ulimulaza vizuri, hakuna mahali ulitupa kitu.

Tulimutia ndani ya sanduku ya mbao, tukaipandisha kwenye kamyo ya maharagi ya Adèle. Ile njia uliijua: bariyeri ine mpaka Butembo. Tatu za kwanza tulilipa. Kwenye moja musoda alisema sanduku inalipa kama bidhaa, kwenye ingine akasema mufu analipa kama abiria. Sikubishana bei. Apollinaire alishangaa, akaniangalia.

Ya ine, pale karibu ya kufika, nilishuka mwenyewe na dola mbili mukononi. Musoda alikuwa mutu muzima, mwenye mvi, sijui alitoka wapi. Akagonga sanduku na kidole.

"Mama, ndani ni nini?"

"Ni bwana yangu. Alikwenda kununua papaine."

"Lini?"

"Miaka mbili na nusu."

Akaniangalia. Akauliza, "Na anakwenda wapi?"

"Vuhovi. Kwao."

Musoda alikwenda mwenyewe kwenye kamba ya bariyeri, akaifungua, akaiacha ianguke chini, kiisha akageuka akaangalia kwenye migomba. Nilisimama pale na mukono yangu wazi, franga iko juu yake, mpaka dereva akapiga honi.

Tulimuzika siku ya posho, mwisho wa juma, chini ya kahawa ya baba yake. Mama mukwe alisimama na fimbo mpaka udongo ikaisha, akasema, "Sasa kazi imeisha," nikaelewa naye alijua. Jemima aliimba. Nimevaa nguo ya kilio, nami nimekuwa mujane kama bajane bengine. Ndugu za bwana bamekuja kukaa juu ya shamba, na bamegawa vile nilikuwa naogopa, lakini kahawa bameniachia.

Falonne umupe asante kwa kitenge. Sikuirudisha, iko naye.

Dola mbili za ile bariyeri ziko bado kwenye pindo ya kitenge yangu. Jemima anataka tununue sabuni. Nimemuambia angoje kidogo.

Émérance